Mafunzo ya mwisho wa juma kwa skauti wakubwa, Mbeya: wapelekeni wanaojua tayari kusimamisha hema

Kituo kidogo cha kambi kilichopo nje kidogo ya Jiji la Mbeya hutoa mafunzo ya mwisho wa juma kwa skauti wa sekondari wanaotarajiwa kuwafundisha wadogo wao wa shule za msingi stadi za porini: kufunga mafundo, kusimamisha hema, kutumia dira, kuwasha moto na kutayarisha maji ya kunywa. Nilikwenda nikiwa mlezi wa kundi la shule yetu, na kwa kuwa walezi wenzangu wa Njombe na Iringa wamekuwa wakiniuliza kama ada yake inastahili, ninawajibu hapa kwa pamoja. Jina la kituo silitaji, kwa sababu malalamiko niliyo nayo nimekwisha kuyafikisha kwa wenyewe. Walezi wa Mbeya watakitambua.

Ni vizuri kufahamu mapema kwamba stadi zenyewe hazifundishwi kwa kina, na skauti anayefika bila kujua fundo hata moja ataondoka na machache sana. Kinachofundishwa, tena kwa ustadi mkubwa, ni namna ya kumfundisha mtoto bila kumnyang'anya kamba mikononi. Kijana wa kidato cha tatu anapomwona mtoto wa darasa la tano akihangaika, hushikwa na hamu ya kumfungia ili somo liendelee, naye mtoto hubaki mtazamaji. Dawa ya wakufunzi ni nyepesi: baada ya kuonyesha, mwalimu kijana anatakiwa aweke mikono nyuma ya mgongo wake na asaidie kwa maneno tu.

Zoezi lililonishawishi zaidi lilikuwa la kuunganisha kamba mbili. Binti mmoja wa kundi letu aliketi akimkabili mwanafunzi wake, kama walimu wengi wafanyavyo, na kila alichokifanya kwa mkono wa kulia mtoto alikiona upande wa kushoto, hata fundo likatoka limepinda na likafunguka lilipovutwa. Mkufunzi hakusema neno juu ya fundo. Alimwomba ahamie ubavuni mwa mtoto, wote wawili watazame upande mmoja, kisha akawapa kamba za rangi mbili tofauti ili isemwe «nyekundu juu ya nyeupe» badala ya «hii juu ya ile». Fundo likashika. Baadaye alipokuja mtoto anayetumia mkono wa kushoto, binti yule yule alirudi kuketi mbele yake bila kuambiwa na mtu, kwa kuwa kwake yeye ule mgeuko wa kioo ndio uliokuwa msaada. Kwa jambo hilo peke yake niliona ada yetu haikupotea.

Utaratibu wa jumla ni ule wa hatua nne unaotumiwa na skauti wa Marekani: kueleza, kuonyesha, kumwongoza mwanafunzi anapojaribu, na hatimaye kumwachia afanye peke yake. Vijana wetu, waliozoea madarasa ambamo mwalimu husema na wanafunzi hunakili ubaoni, huishia hatua ya pili wakidhani wamemaliza. Kwamba kijana aongoze vijana wenzake ni jambo la tangu mwanzo wa uskauti: katika kambi ya majaribio ya Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, kwenye kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, mwaka 1907, wavulana waligawanywa katika vikundi vinne na kila kikundi kikaongozwa na mvulana.

Upungufu upo, na mkubwa uko kwenye makaratasi. Kijitabu kinachogawiwa kimenakiliwa kutoka vitabu vya Ulaya, kwa hiyo kinamwambia mtoto wa Mbeya kwamba saa sita mchana jua huwa kusini. Tulikuwa mwezi wa Juni, na kivuli cha kila kijiti kilichosimamishwa uwanjani kililala kuelekea kusini, yaani jua lilikuwa kaskazini, kama inavyopasa kwetu sisi tulio chini ya ikweta wakati huo wa mwaka. Njia iliyo salama zaidi ni kuweka alama kwenye ncha ya kivuli, kusubiri kama dakika ishirini, kisha kuweka alama ya pili. Mstari kutoka alama ya kwanza hadi ya pili huelekea mashariki.

Somo la maji nalo linahitaji kurekebishwa. Kijitabu kinasema dakika moja ya kuchemka inatosha, na hilo ni kweli kwa nyanda za chini, lakini mahali palipo juu ya mita 2,000 maji huchemka yakiwa na joto pungufu na hushauriwa yaachwe yachemke kwa dakika tatu. Kundi litakalopanda Kitulo au Kilele cha Mbeya linahusika moja kwa moja.

Somo la moto lilikuwa zuri, hasa sisitizo la kufagia majani makavu ya mipaina hadi udongo uonekane, jambo ambalo yeyote aliyeishi karibu na msitu wa Sao Hill wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa mara mbili. Usimamizi haukunitia wasiwasi: watu wazima wawili walikuwapo kila mahali palipo na watoto, na skauti wakubwa hawakulala hema moja na wadogo.

Chakula ni cha kawaida, vyoo ni visafi. Blanketi moja linalotolewa halitoshi kwa baridi ya Juni na Julai, kwa hiyo kila mtoto aje na sweta nzito na la kwake la ziada. Bebeni pia kamba za katani, kwa maana zile za nailoni za kituo huteleza, na mtoto anayejifunza hudhani amekosea hata pale alipofunga sawasawa.