Nyama mbadala kwa tumbo linalosumbua, uzoefu wangu wa miezi mitatu

Naandika hii kwa wale ambao tumbo likikasirika siku nzima imeharibika. Mi nina IBS, ule ugonjwa wa utumbo mwepesi kukasirika, gesi na maumivu yasiyoisha, mwaka wa sita sasa, na nyama nyekundu yenye mafuta ndo ilikuwa inanimaliza kabisa, nakula mchana mpaka usiku bado naisikia kifuani, kiungulia, tumbo limekaza. Nikaamua nijaribu nyama mbadala, moja moja, kila moja karibu wiki mbili, na daftari pembeni naandika nimekula nini, kiasi gani, na usiku tumbo limekaaje. Kabla ya hapo nilipimwa siliaki, ule ugonjwa wa mwili kukataa gluteni, na we pia kapime ukiwa bado unakula ngano, maana ukishaiacha kipimo cha damu kinaweza kusema huna wakati unao.

Nilianza na baga za mimea, zile za protini ya njegere. Utamu upo aisee, kwenye kikaango zinachuruzika mafuta na harufu inajaa nyumba. Ila saa nane usiku niko macho, nimejikunja upande wa kushoto nasubiri gesi itoke, tumbo linanguruma mpaka mtu wa chumba cha pili anasikia. Nikarudia baada ya siku nne nikidhani labda kulikuwa na kitu kingine, ikawa vilevile. Ndo nikachukua pakiti nikaisoma herufi kwa herufi chini ya taa: unga wa kitunguu maji, unga wa kitunguu saumu, mafuta ya nazi, methiliselulosi. Nilikuwa nailaumu njegere bure! Vitunguu vyote viwili vimejaa fruktani, ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzimeng'enya, zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wanazichachusha, gesi inajaa, na kwa sisi wenye utumbo mwepesi ukitanuka kidogo tu ni maumivu. Mafuta mengi nayo yanachelewesha chakula kutoka tumboni. Na ile methiliselulosi, kwenye pakiti nyingine wanaandika E461, inashika maji na inatumika pia kama dawa ya kulainisha choo, sasa kama we ni wa kuendesha ujue hilo mapema.

Vipande vya soya vikavu vilinipa shida ya aina nyingine. Soya zina rafinosi na stakiosi, sukari zilezile zinazofanya maharage yasumbue, na mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Niliviloweka kwenye maji ya moto, nikakamua, nikamwaga maji, nikaloweka tena, na kweli gesi ilipungua, lakini haikuisha. Vijiko vitatu vinne navumilia, nikijaza sahani nalala vibaya.

Sasa tofu. Hapa ndo nilipopata nafuu, ila kuna tofu na tofu. Soya ni ileile, lakini tofu ngumu inagandishwa halafu inakamuliwa, na zile sukari zinayeyuka kwenye maji kwa hiyo maji yakitoka zinaondoka nayo. Tofu laini, ile inayotetemeka ukigusa sahani, maji yake yamebaki ndani na sukari zimebaki humohumo. Mi nilikula zote mbili sijui tofauti, daftari langu likawa halieleweki, Jumanne salama, Alhamisi balaa, mpaka nilipokuta Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, ndo walioanzisha ile lishe ya FODMAP, ya kupunguza sukari zinazochachuka utumboni kama hizo fruktani na za soya, wamezipima na wanazitenganisha, ngumu inafaa, laini kwa watu kama mimi hapana. Toka siku ile nanunua ngumu tu. Naifunga kwenye kitambaa safi, naiweka kati ya sahani mbili, juu naweka sufuria lenye maji, nusu saa hivi. Yanatoka maji ya njano hafifu, karibu nusu kikombe, na kipande kinashikana kiasi kwamba ukikikata hakimomonyoki. Naipaka chumvi, tangawizi, mafuta kijiko kimoja tu, naikaanga mpaka kingo zinakauka. Wiki mbili nzima sikuamka usiku hata mara moja, nilikuwa nimesahau usingizi wa hivyo.

Tempe pia imenikubali. Asili yake Indonesia, soya zinalowekwa, zinachemshwa, zinamwagwa maji, halafu zinaachwa zichachuke na ukungu mpaka zinashikamana kama keki. Ladha yake ina uchungu kidogo, ichemshe dakika kumi kabla ya kukaanga unapungua.

Seitani, ile ya gluteni ya ngano, nyuzi zake ndo zinafanana na nyama kuliko zote nilizokula. Unga unaoshwa mpaka wanga uondoke, na fruktani nyingi zinaondoka na yale maji, kwa hiyo tumbo langu lilitulia ingawa nilijisikia mzito. Mwenye siliaki asiiguse kabisa, ni gluteni tupu.

Protini ya ukungu niliijaribu siku mbili tu nikaacha, kichefuchefu kikali na kutapika, na nilikuja kujua kuna watu wachache miili yao inaikataa hivyo. Wengine wanakula miaka hawana neno, we anza na kipande kidogo na siku hiyo usichanganye na chakula kingine kigeni. Fenesi bichi ni laini na halikunisumbua, lakini protini yake ndogo mno, saa mbili baadaye nina njaa, silihesabu kama nyama.

Kwa sasa tofu ngumu mara tatu kwa wiki, tempe mara moja, siku nyingine samaki au kuku asiye na ngozi, na vidonge vya B12 maana tofu yenyewe haina. Kinachonishinda bado ni kula nje. Nyama mbadala zilizokwisha kuungwa viungo siagizi tena mpaka niulize zimelowekwa kwenye nini, na mara nyingi anayehudumu hajui, anaenda jikoni, anarudi ananiambia "viungo vya kawaida tu". Hapo naomba wali na yai naachana nayo.