TornadoVM kwenye kadi ya GB 4: uzoefu wangu wa kuchakata picha za setilaiti kwa Java

TornadoVM ni programu ya Chuo Kikuu cha Manchester inayochukua methodi ya Java na kuiendesha kwenye kadi ya grafiki. Nimeipima kwa kazi halisi: picha za setilaiti ya Sentinel-2 za kigae (kipande cha mraba cha ramani) 36NVF, yaani Kampala, Entebbe na maeneo ya jirani. Kadi ni GTX 1650 ya GB 4, mfumo ni Ubuntu, Java ni JDK 21 (kifurushi cha kutengenezea programu za Java). Naipendekeza kwa moyo wote, ila si kwa kila hesabu. Wengi huikatia tamaa kwa sababu wameijaribu kwa hesabu isiyoifaa.

Piga hesabu ya baiti kwanza. Kigae kina pikseli 10,980 kwa 10,980, jumla 120,560,400. Bendi moja (picha ya rangi moja ya mwanga) ndani ya FloatArray, safu ya TornadoVM yenye baiti 4 kwa kila pikseli, inakula MB 482. NDVI, kipimo cha uoto wa kijani, inataka bendi mbili ziingie na tokeo moja litoke, kwa hiyo karibu GB 1.45 lazima zipite kwenye PCIe, njia inayounganisha kadi na kompyuta. PCIe 3.0 yenye njia 16 haivuki GB 16 kwa sekunde kila upande, na huo ni upeo wa kwenye karatasi. RAM ya DDR4-3200 ya chaneli mbili, ambayo CPU (prosesa ya kompyuta) inaisoma moja kwa moja, inafika GB 51.2 kwa sekunde. NDVI yenyewe ni kutoa, kujumlisha na kugawanya, basi. CPU inamaliza hesabu wakati data ingekuwa bado njiani kwenda kwenye kadi. Kutuma bendi kama ShortArray (baiti 2 kwa pikseli) badala ya FloatArray kunapunguza mzigo wa kwenda kwa nusu, maana picha zenyewe huja kwa biti 16, lakini hata hivyo kwa NDVI peke yake singewasha kadi.

Sasa weka kichujio cha dirisha la 31 kwa 31 kuzunguka kila pikseli. Data ni ile ile, ila kila pikseli inasoma thamani 961, jumla yapata bilioni 116. Hapo ndipo kadi inapostahili bei yake. Ukiwa na hatua kadhaa mfululizo, ziweke zote kwenye TaskGraph moja (orodha ya kazi za kadi) na bendi uzipeleke kwa FIRST_EXECUTION, yaani mara ya kwanza tu. Ukiandika EVERY_EXECUTION, kila mzunguko unabeba upya mzigo ule ule.

Kusakinisha: tornadovm-installer inakuuliza JDK na bekendi, yaani njia ya kuongea na kadi. Chagua opencl kama bando lako ni dogo, kwa sababu ptx inadai CUDA nzima (zana za NVIDIA za kuprogramu kadi), ambayo inazidi GB 3, ilhali OpenCL inakuja na draiva ya kadi. Kisha `source setvars.sh`, halafu `tornado --devices`. Kadi isipoonekana, endesha `clinfo`, amri inayoorodhesha vifaa vya OpenCL. Nayo isipoiona, tatizo ni draiva, usiguse Java.

Kigae kizima kitakwama mara ya kwanza kwa TornadoOutOfMemoryException hata kama kadi ina nafasi tele. TornadoVM hujiwekea GB 1 tu ya kumbukumbu ya kadi, nasi tunahitaji 1.45. Ongeza `--jvm="-Dtornado.device.memory=3GB"`. Usiandike 4GB, kwani skrini nayo inatumia kumbukumbu hiyo hiyo.

Mtego mbaya kuliko yote hauleti kosa lolote. Methodi ikiwa na kitu kisichoweza kugeuzwa, kama String, kurekasi (methodi kujiita yenyewe) au kuunda objekti ndani ya kitanzi, TornadoVM inaweza kuiendesha kwa Java ya kawaida kwenye CPU. Matokeo yanatoka sahihi, nawe unaandika ripoti kwamba kadi ni polepole! Ujumbe wa Bailout, unaosema kwamba kadi imeachwa, hupita kwenye skrini haraka. Weka `--threadInfo` kila mara na usome jina la kifaa. Mzunguko wa kwanza usiupime, maana una muda wa kukompaili.

Alama ya @Parallel, inayoruhusu duru za kitanzi ziendeshwe kwa pamoja, nayo ni ahadi yako wewe. TornadoVM haikagui kama duru moja ya kitanzi inategemea nyingine. Kujumlisha pikseli zote kwenye kigezo kimoja kwa @Parallel kunatoa jibu linalobadilika kila ukiendesha. Hapo tumia @Reduce, alama ya kukusanya thamani nyingi kuwa moja.

Hesabu za double (desimali za biti 64, float ni 32) ziepuke. Kwenye GTX 1650 zinakwenda kwa 1/32 ya kasi ya float. Ukilinganisha matokeo na ya CPU, ruhusu tofauti ndogo badala ya kudai usawa kamili.

Kwa wanaotaka kuweka kadi kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo, zile zinazojaa maduka ya Kampala: GTX 1650 inakula wati 75 na matoleo mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme, lakini mengine yana tundu la pini 6. Fungua kasha kabla ya kulipa, uone kama pawasaplai ina waya huo, na upime urefu na kimo cha nafasi, kwa sababu kasha jembamba linapokea kadi za kimo kifupi (low profile) tu.