Hospisi ya Medicare: hulipwa kwa siku, muuguzi aje asije

Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, ilianza kulipia hospisi (huduma ya kumtuliza mgonjwa anayekaribia kufa) mwaka 1983, na kwa upande wa mgonjwa inatoa mengi kwa hela kidogo. Muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, msaidizi wa kuogesha, kitanda cha hospitali, oksijeni, dawa za maumivu: vyote vimo. Mgonjwa huchangia dola zisizozidi 5 kwa kila dawa. Ili aandikishwe, madaktari wawili wathibitishe kwamba ugonjwa ukienda mkondo wake amebakiwa na miezi 6 au pungufu, naye akubali kuacha tiba ya kuuponya.

Kasoro iko kwenye namna shirika la hospisi linavyolipwa. Huduma ya kawaida ya nyumbani hulipwa kiwango cha siku, bila kuhesabu ziara. Wiki ambayo muuguzi alikuja mara 3 na ile aliyokuja mara 1 hulipwa sawa. Kinachobadilika ni gharama, na hiyo hubebwa na shirika. Kumbe kazi yenyewe haigawanyiki sawasawa. Siku za mwanzo kuna karatasi, vifaa, na kupandisha mofini kidogokidogo mpaka maumivu yatulie. Siku za mwisho simu hazipoi. Katikati kumetulia. Mgonjwa wa saratani anayeletwa zimebaki siku 5 ana mwanzo na mwisho tu: hasara. Mwenye ugonjwa wa kusahau, anayekaa miezi 10, ana katikati ndefu, na huyo ndiye anayelipa mishahara. Matibabu ghali ya kupunguza mateso, kama mionzi au kuongezewa damu, nayo hutoka kwenye kiwango kilekile cha siku, kwa hiyo shirika dogo husita kumpokea anayeyahitaji.

Mwaka 2016 kiwango kiligawanywa: siku 60 za kwanza hulipwa zaidi, kisha kinashuka. Ikaongezwa pia nyongeza ya siku 7 za mwisho za uhai, kwa saa zisizozidi 4 kwa siku ambazo muuguzi aliyesajiliwa au ofisa ustawi yuko kwa mgonjwa. Ni hatua nzuri, ila katikati bado kuna faida. Kipo pia kikomo cha malipo ya mwaka kwa shirika, kinachopigwa kwa wastani wa wagonjwa wote. Shirika likikivuka hurudisha pesa, hivyo lililojaza wakaaji wa muda mrefu lina sababu ya kuwaachisha baadhi yao huduma wakiwa hai.

Kabla ya kusaini, uliza muuguzi atakuja mara ngapi kwa wiki. Uliza pia saa 8 usiku, mgonjwa akihema kwa shida, nani atakuja (kupokea simu si kuja). Omba orodha ya maandishi ya vitu na dawa ambazo shirika halitalipia. Ni haki yako. Mgonjwa akiwa kwenye nyumba ya wazee, kodi ya chumba na chakula haimo, na hapo familia nyingi hushtuka.

Shirika likizembea, unaweza kuhamia lingine mara moja katika kila kipindi cha huduma: viwili vya kwanza ni vya siku 90, vinavyofuata ni vya siku 60. Andika barua yenye majina ya mashirika yote mawili na tarehe ya kuhama, usaini, kila upande upate nakala. Usisaini fomu ya kujitoa hospisi. Hiyo inakukatia siku zilizobaki za kipindi hicho.