Kiungio cha kugawa uzito kwa trela ya kulala: kabla ya brandi, angalia saizi

Niseme mapema tu, kama trela yako ya kulala, yaani kile kinyumba cha safari cha kuvutwa, ikikaa nyuma ya gari matako ya gari yanashuka na pua inanyanyuka, kiungio cha kugawa uzito, yaani chuma cha kuunganisha trela na gari, sio mapambo, kinunue. Nimevuta na ile aina ya kizamani yenye minyororo, nimevuta na Andersen, na ninayotumia sasa ni Equal-i-zer na sina mpango wa kuitoa. Ila kilichonifanya niandike sio brandi. Watu wanabishana kutwa nzima ipi kali kuliko ipi, alafu ukiinama ukaangalia vyuma walivyofunga unakuta havilingani kabisa na trela wanayovuta.

Kazi yake ni hivi. Shingo ya trela, ile sehemu ya mbele inayoungana na gari, inakandamiza gari nyuma ya ekseli ya nyuma, kwahiyo mbele panapungua uzito, stelingi inakuwa nyepesi mkononi, taa zinaangaza juu zinawaumiza macho wanaokuja, na ukikanyaga breki tairi za mbele hazing'ang'anii barabara vizuri. Sasa vile vyuma viwili virefu vya springi ni kama mikono ya toroli, upande mmoja vimeingia kwenye kichwa cha kiungio, kile kinachofungwa nyuma ya gari, na upande wa pili vimenyanyuliwa vikashikwa kwenye fremu ya trela, na huko kunyanyuliwa ndo kunarudisha uzito ekseli ya mbele ya gari, na mwingine unaenda ekseli za trela yenyewe. Uzito haupotei, unagawanywa tu. Na gari haliongezewi uwezo hata kidogo, kama kitabu cha gari kinasema mwisho ni kiasi fulani basi ni hapohapo, na kuna magari ambayo kitabu kinakataza kabisa kutumia kiungio cha aina hii, kwahiyo soma kwanza kabla hujatoa hela.

Haya, saizi. Shingo ya trela ya kulala inatakiwa ibebe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa trela ikiwa IMEPAKIWA. Sio uzito wa kwenye kipeperushi cha muuzaji! Ile namba ya kipeperushi mara nyingi ni ya trela kavu, haina maji, haina vyombo, haina nguo, na mitungi ya gesi na betri ambavyo vinakaa palepale juu ya shingo mara nyingi navyo havimo. Tuseme trela yako ikipakiwa inafika kilo 2,700, hapo shingo inaweza kuwa kilo 270 au ikafika 405, na hiyo tofauti inatosha kukuhamisha saizi moja au mbili za vyuma. Alafu ongeza vitu vyote unavyoweka kwenye gari nyuma ya ekseli ya nyuma, jenereta, sanduku la spana, kuni, na uzito wa kiungio chenyewe, manake vyote hivyo vyuma vinavibeba.

Vyuma vinauzwa kwa paundi, 600, 800, 1,000, 1,200 na kuendelea, na paundi 1,000 ni kama kilo 454. Ukichukua vilaini sana vinapinda tu na pua ya gari inabaki juu. Ukichukua vigumu kupita kiasi kwa kudhani unajiwekea akiba, kila tuta fremu ya trela inapigwa na gari linarukaruka. Kupima ni rahisi, pandisha gari peke yake kwenye mizani, alafu rudi na trela imefungwa lakini vyuma vya springi umevitoa, tairi za trela zibaki nje ya mizani, toa ya kwanza kwenye ya pili, hiyo ndo shingo yako. Dakika chache tu na hutobahatisha tena.

Tukija kwenye aina. Ile ya minyororo na vyuma vya duara inagawa uzito vizuri tu, lakini haizuii trela kuyumba, lazima uongeze kile chuma kidogo cha msuguano cha pembeni chenye mpini wa kukaza, na watengenezaji wengi wanataka ukitoe kabla hujarudi nyuma kwa kona kali, tena wanaonya kuhusu barabara yenye utelezi. Mimi ilinichosha. Unafika jioni umechoka, mvua inanyesha, alafu ushuke ukatoe kichuma ndo urudishe trela.

Equal-i-zer haina minyororo, vyuma vyake vinalala juu ya mabano kwenye fremu na vinasugua hapo, na kwenye kichwa pia vinabanwa, kwahiyo msuguano uko sehemu nne na unarudi nyuma bila kutoa kitu. Lori kubwa likikupita kwa kasi unahisi gari na trela vinasogea pamoja, sio trela inaanza densi yake yenyewe. Kelele ipo, ukikata kona taratibu kwenye maegesho inalia chuma kwa chuma mpaka watu wanageuka, na kwangu hiyo sio kasoro kwasababu ndo msuguano wenyewe unafanya kazi. Ni nzito kuinua pia. Andersen ni nyepesi na kimya sana, msuguano wake uko pale kwenye mpira wa chuma wenyewe, ule ambao shingo ya trela inakaa juu yake, kwa trela ndogo au ya kati ningeichukua bila wasiwasi, ila kwa shingo nzito bado naamini vyuma vya springi. Hensley na ProPride ni daraja lingine kabisa, zina mikono inayofanya trela iwe kama imefungwa karibu zaidi na ekseli ya nyuma ya gari, kuyumba zinakuzuia kweli, lakini bei ni ya juu sana na kufunga kunataka ulenge kwa makini.

Kingine, kama breki za trela yako ni zile zinazojikaza kwa trela kusukuma gari, uliza kwanza kama kiungio kinakubaliana nazo, sio vyote.

Kufunga ndo watu wanapoharibu. Pima urefu kutoka chini mpaka ukingo wa madigadi ya mbele gari likiwa peke yake, pima tena trela ikiwa imefungwa bila vyuma, pima mara ya tatu vyuma vikiwa mahali pake. Tuseme ilikuwa sentimita 90, ikapanda 93, unataka irudi angalau nusu ya njia, na kitabu cha gari lako kikisema tofauti fuata kitabu. Isishuke chini ya ile 90, hapo umepunguza mno uzito wa nyuma na kwenye kona mkia wa gari unaweza kuteleza. Kwenye Equal-i-zer unaongeza au unapunguza washa, zile pete za chuma, zinazoinamisha kichwa. Na kupandisha vyuma usitumie nguvu za mwili, trela ikishajifunga kwenye mpira iinue kwa jeki yake pamoja na nyuma ya gari, vyuma vinaingia vyenyewe taratibu, manake kikikuchomoka kikiwa kimekazwa kinavunja mkono.

Ikiwa trela inayumba hata baada ya yote haya, usiendelee kukaza vyuma. Hamisha mizigo, huenda nyuma ya trela ni pazito na shingo imekuwa nyepesi, na hakuna kiungio cha brandi yoyote kitakachotibu hilo.