Kitabu cha mazoezi ya SIFT (mtihani wa kuchagua marubani wa jeshi la Marekani): hesabu safi, picha hovyo

Mi ni E-4 tu, askari wa cheo cha chini, jeshi la Marekani, nataka kurusha helikopta, ndo nikanunua hiki kitabu maana SIFT unapewa nafasi mbili tu maisha yako yote, na ukishafikisha alama 40 umepita, hurudii tena hata kama umepita kwa kuchechemea. Hesabu na yale maswali ya gia na puli wameeleza vizuri mno. Sehemu ya picha ndo majanga, mtihani una maumbo 100 kwa dakika 2, wao wameweka 20, tena yameprintiwa kijivu nikawa nasogelea taa kama bibi anayetafuta tundu la sindano. Nyota 3. Ila kama GT yako (alama ya mtihani wa kuingia jeshini, inayotakiwa ili uwe rubani) haijafika 110 usinunue kwanza, kahangaike na hiyo.