Kizimba cha waya cha mtoto wa mbwa: uzoefu wangu wa miezi mitatu, Kigoma

Mimi ni fundi cherehani, kazi nafanyia nyumbani Katubuka, hapa Kigoma mjini. Mwishoni mwa Septemba nilichukua mtoto wa mbwa wa wiki nane, dume, mweusi mwenye kifua cheupe. Wanangu wakamwita Pamba. Siku ya pili nikamkuta chini ya meza ya kukatia nguo, uzi mwekundu unaning'inia mdomoni. Nikamfungua kinywa kwa vidole viwili. Sindano ya mkono ilikuwa imelala kati ya fizi na shavu, haijamchoma, naye ananitazama tu na mkia unapiga sakafu. Niliitoa mikono ikitetemeka. (Ukikuta uzi umeshashuka kooni usiuvute, mpeleke kwa daktari wa mifugo hapo hapo. Uzi unaweza kukata utumbo.)

Jioni ile ile niliagiza kizimba.

Nilikuwa na sababu nyingine pia. Ua wetu tunachangia familia tatu, na majirani zangu ni Waislamu wanaoshika swala zao. Mate ya mbwa yakigusa kanga au mkeka wa kuswalia, kwao ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Sikutaka bibi wa watu atoke kutawadha, halafu mtoto wa mbwa amrukie miguuni. Kumfunga kamba mtoto wa wiki nane nako sikupendi, anajizungusha mpaka kamba inamkaba.

Nilichonunua ni kizimba cha waya cha kukunja, urefu sentimita 90, chenye mlango mmoja na trei ya plastiki chini. Muuzaji yuko Dar es Salaam. Nililipa 140,000, na 15,000 ya basi. Kilifika kwa siku mbili, kimefungwa vizuri kwenye boksi, na kukisimamisha ni kazi ya dakika tano, huhitaji spana wala fundi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeuliza bei kwa seremala wa Mwanga, hapa hapa mjini, na kwa kijana wa kuchomelea. Cha mbao kingekuwa nafuu, ila mbao inanyonya mkojo, na harufu ikishaingia haitoki. Cha nondo ni kigumu kweli, lakini kizito, na mimi nilitaka kitu cha kuhamisha mwenyewe: usiku chumbani, mchana barazani. Kwa joto letu la Oktoba chini ya bati, waya unaopitisha hewa pande zote ndio ulionifaa. Hapo sijutii.

Sasa usiku wa kwanza. Nilikosea, na naueleza wote ili mwingine asirudie. Nilitandika kitambaa, nikamweka ndani, nikafunga komeo, nikazima taa. Pamba alilia tangu saa tatu mpaka saa tisa. Hakikuwa kile kilio cha kudeka. Alikuwa anapiga mayowe, anang'ata waya, anasukuma pua kwenye mlango. Asubuhi nilikuta pua imechubuka juu, kitambaa kimelowa mkojo, na yeye amejikunja kwenye kona iliyokuwa kavu. Mtoto wa mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala, kwa hiyo ujue alishindwa kabisa. Siku chache kabla alikuwa analala amebanwa na ndugu zake watano, mimi nikamtoa huko nikamfungia peke yake gizani.

Nilipotoka nje jirani yangu alikuwa anafagia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mtoto wa mbwa ana nini? Amelia usiku kucha, nikadhani anaumwa."

"Nisamehe, bibi. Nilimfungia mgeni."

"Hata kuku mgeni hafungiwi mlango ghafla. Mzoeshe kwanza."

Bibi hafugi mbwa na hatafuga, lakini alichosema ndicho nilichokifanya.

Nilianza upya, kama vile kizimba ndiyo kwanza kimefika. Mlango niliufunga wazi kwa ukanda wa kitenge, usije ukajipiga ukamtisha. Nikatafuta dagaa. Hapa kwetu hilo halina shida, nilinunua wa mwalo wa Kibirizi, wakavu, wasio na chumvi, nikawaosha mchanga, nikawachemsha kidogo, nikawaanika tena. Dagaa mmoja namkata mara tatu, maana tumbo la mtoto ni dogo. Kipande cha kwanza nilikiweka nje ya mlango. Cha pili kizingitini. Cha tatu ndani kidogo. Alinyoosha shingo kama twiga, miguu ya nyuma imebaki nje, akakichukua, akarudi mbio. Sikumsukuma. Siku nzima ya kwanza hakuingiza miguu yote minne hata mara moja, na nikaacha iwe hivyo.

Siku ya tatu nilikuwa napiga pasi. Kugeuka, namwona yumo ndani, analamba waya palipokuwa na harufu ya dagaa. Hakuna aliyemwita.

Kuanzia hapo chakula chake chote alikula mle ndani, uji wa dona uliochanganywa na mchuzi na nyama ya samaki isiyo na miiba. Akiwa anakula narudisha mlango taratibu bila komeo, na kabla hajamaliza naufungua. Halafu komeo. Halafu komeo na mimi nimekaa pale pale. Muda niliupima kwa kazi yangu: kwanza kupinda upindo wa sketi moja, kisha kutia zipu, kisha shati zima la shule. Akianza kuhangaika, najua nimeruka hatua, narudi kwenye upindo. Watu wengi wanaharibu hapa. Wanataka kwa siku mbili apate utulivu wa saa tatu. Pamba alichukua karibu wiki mbili na nusu kukaa saa nzima mchana bila kulalamika, na sioni kama ni muda mrefu.

Usiku nilikiweka kizimba karibu na kitanda, nikawa nalala mkono umening'inia, vidole vikigusa waya. Akiamka ananusa vidole, analala tena. Nilifunika pande tatu kwa kitenge cha zamani, mbele nikaacha wazi apate hewa. Vipande vya kutandika vilitoka kwenye mabaki ya kazi, lakini nilivipinda kingo zote, kwa sababu uzi unaochomoza ndio ulioanzisha haya yote. Na shingoni hakuna mkanda akiwa ndani. Mkanda unaweza kunasa kwenye waya.

Kuhusu kilio cha usiku, daktari wa mifugo aliyemchanja alinifundisha kutofautisha. Akilala vizuri halafu akaamka ghafla anazunguka na kunusa chini, anataka haja, mtoe mara moja, msicheze, mrudishe. Akilia dakika chache baada ya kurudi kutoka haja, anataka watu tu. Mwekee mkono, subiri anyamaze, usifungue wakati anapiga kelele. Alinipa pia kipimo cha haja: umri kwa miezi, ongeza saa moja. Wa miezi miwili usimdai zaidi ya saa tatu, na hapo ni mwisho, siyo kawaida ya kila siku. Mwezi wa kwanza niliamka saa saba na saa kumi kila usiku. Inachosha. Anayeishi peke yake na kutoka kazini jioni, kizimba peke yake hakitamsaidia, lazima awepo mtu wa kumtoa.

Na kizimba kisiwe adhabu. Mwanangu mdogo siku moja Pamba alipomtafunia kandambili akamburuta akamtupia mle na kufunga mlango. Nilimkalisha chini nikamwambia kile ni chumba chake, kama wewe unavyokuwa na kitanda. Siku mbili zilizofuata Pamba alisita mlangoni, ikabidi nirudie dagaa za kizingitini.

Mvua zetu za Kigoma huanza mapema, na radi za ziwani zinatikisa bati. Mvua kubwa ya kwanza ya Novemba nilimtafuta uvunguni, jikoni, hayupo. Alikuwa ndani ya kizimba, mlango wazi, amesukuma kitenge mpaka kwenye kona na kuweka pua chini yake. Nilikaa naye sakafuni mpaka ikapita. Ile sehemu aliyoililia mpaka kuchubuka pua, sasa ndiyo alikokimbilia, na ninakiri nilipata machozi.

Nirudi kwenye bidhaa yenyewe, maana ina kasoro nazo si ndogo. Trei ya plastiki ilipasuka wiki ya tatu, na ukingo wa plastiki iliyopasuka unakata. Nilimpa fundi bati vipimo, akanitengenezea trei ya bati yenye kingo zilizokunjwa kwa 12,000, na mpaka leo ipo. Komeo limelegea, kwa hiyo naongezea ndoano ndogo. Waya mmoja wa mlangoni ulikuwa na ncha kali ambayo niliisugua kwa tupa. Pitisha kiganja ndani ya kizimba chote kabla ya kumwingiza mtoto. Tangazo lilionyesha kigawanyo cha kupunguza nafasi, mimi sikukikuta ndani ya boksi, na ujumbe wangu kwa muuzaji haukujibiwa. Kigawanyo ni muhimu, kwa sababu kizimba cha mbwa mkubwa kwa mtoto ni uwanja, atalala upande huu na kukojoa ule. Awe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha, basi. Niliweka kipande cha plaiwudi, akakitafuna, ndipo kijana wa kuchomelea akanikatia wavu kwa 7,000.

Kwa hiyo jumla imenigharimu 174,000, siyo 140,000. Kwa pesa hiyo waya, rangi na mikunjo nimeridhika navyo. Trei, komeo na huduma ya muuzaji hapana. Ningenunua tena, ila siku ya kuagiza ningeagiza na trei ya bati kwa fundi, isubiri.

Sasa Pamba ana miezi mitano, chanjo ya kichaa cha mbwa ameshapata, na wavu wa katikati nimeuondoa wiki iliyopita kwa sababu mgongo ulianza kuugusa. Mlango haufungwi isipokuwa bibi anapokuwa na wageni uani. Nikianza kukanyaga cherehani asubuhi anaingia mwenyewe, anazunguka mara mbili, analala kichwa kikiwa mlangoni.