TAHADHARI: Geji ya mafuta ya Gerezani, Kariakoo. Nimeingizwa mjini, na nimemtukana mtoto wa watu bure

Wadau, hili la geji ya kuchomeka, ile ya kukuonyesha gari inakwenda kilomita ngapi kwa lita, nimekaa nalo wiki mbili naona aibu kuliandika. Jana kuna kijana pale kijiweni kaniuliza "ile geji yako" nilinunua wapi naye akachukue. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki wizi. Mimi ni dereva wa teksi ya mtandaoni na kila wiki nampelekea Mzee hesabu ya gari, kwa hiyo nilikuwa nahesabu mafuta kama mtu anayehesabu dozi.

Gerezani nilifuata bushi, vile vipira vya chini ya gari. Bushi tu! Jamaa ana meza ya vifaa vya gari, shati limepigwa pasi, anaongea taratibu, wala hakuvuti mkono kama wale wengine. Akaniuliza, "Kaka, IST yako inakunywaje?" Muulize dereva wa mtandaoni swali hilo uone. Nikamwaga yote, mpaka hesabu ya wiki ninayompelekea Mzee.

Akanipandisha kwenye Vitz yake. Akachomeka geji, kidude chenye kioo, kwenye soketi ya chini ya usukani, ile ambayo mafundi wanachomeka mashine ya kupimia gari. Kioo kikawaka: kilomita kwa lita, joto la injini, volti. Tukazunguka mitaa miwili. Akikanyaga mafuta namba inashuka mpaka 6, akiachia inaruka 30. Tuliposimama kwenye foleni ikabadilika yenyewe ikaandika lita kwa saa. Huku anafundisha: kuna sensa inapima hewa inayoingia kwenye injini, gramu 14.7 za hewa huenda na gramu moja ya petroli, kwa hiyo ukijua hewa umejua mafuta. Nimeuliza kwa watu wanaojua, wanasema ndivyo geji nyingi za kweli zinavyofanya kazi. Hapo ndipo ninapozidi kuumia. Mwizi kasoma!

Nikamwambia nipe hiyohiyo. Akasema, "Hii ni ya kuonyeshea tu, bosi wangu, imechakaa, nakupa mpya ya kwenye boksi." Boksi limefungwa nailoni, lina stika inayong'aa. Alianza laki mbili na nusu, tukaishia laki na themanini. Nikalipa kwa simu, jina likaja la mwanamke. Nikajisemea, mke wake huyo. Mnaona akili yangu ilivyokuwa imeshalala?

Na kabla hamjanicheka, sikuichukua kienyeji. Alikuja kuichomeka mwenyewe kwenye gari yangu. Injini imezimwa, volti 12.4. Kuwasha, 14.1. Mita yangu ninayo kwenye dashibodi, nikaitoa nikapima betri mbele yake, namba zilezile. Joto likaanza 40, likapanda pole pole mpaka 90 likatulia. Kilomita kwa lita: 17.2. Sasa nani asingeamini? Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Siku ya nne nikaweka lita 20 sheli moja Tabata. Kwa hesabu ya geji nina kilomita 340 mfukoni. Nilipofika 220 taa ya mafuta ikawaka. Nikarudi sheli nimevimba. Nilimwambia dada wa pampu kwamba wanaiba, kwamba pampu imechezewa, kwamba nawaitia EWURA, wale wasimamizi wa mafuta, sasa hivi. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki hapa, mama yangu anasoma. Watu wakajaa, bodaboda wakatoa simu. Msimamizi hakubishana na mimi, akaenda kuleta lile kopo la chuma la kupimia la lita 20, akapiga mafuta mbele yetu. Yakafika kwenye alama, hayakupungua wala kuzidi. Kimya. Dada ananiangalia tu. Nikaingia kwenye gari nikaondoka na mafuta ya elfu tano.

Jioni hiyo niko Ubungo, foleni haisogei, abiria kalala nyuma. Naangalia geji: 17.4. Gari imesimama robo saa! Gari isiyotembea inakwendaje kilomita 17 kwa lita?

Asubuhi fundi wangu wa Buguruni akaifungua kwa bisibisi ndogo. Pini zenye waya ni ya 4 na ya 16 tu, yaani ardhi na moto wa betri. Ya 7, ya 6 na ya 14, ambazo ndizo zingeongea na kompyuta ya gari, tupu kama kinywa cha mtoto mchanga. Volti ndiyo ilikuwa kitu pekee cha kweli. Hayo mengine ni namba za kupangwa, hata joto linaanza 40 wakati injini imetoka kuzimwa dakika moja iliyopita.

Huyu mtu afungwe. Tena asilipishwe faini akarudi mezani, afungwe, na hilo boksi lake atembee nalo shingoni Kariakoo nzima. Nilirudi, meza haipo, jirani zake wanasema hawamjui. Hawamjui! Na kiti walikuwa wanamwazima.

Kama bado unataka geji, usikubali kubadilishiwa ile uliyoijaribu, na iache gari iungurume imesimama: ikiendelea kukuandikia kilomita kwa lita za papo hapo, si za wastani, ondoka. Aliniambia pia inaingia gari zote kuanzia 1996. Fundi kasema 1996 ni sheria ya Marekani, gari zetu nyingi ziliundwa kwa soko la Japani na za zamani hata geji halali zinaweza zisisome. Na hata hiyo halali mpaka uirekebishe kwa fulu tenki kadhaa. Mimi nimejaza pampu ikajikata, nimetembea 231, nikajaza tena zikaingia lita 21. Kilomita 11. Kalamu na risiti, bure.

Sheli nilirudi na soda mbili. Dada hakuzipokea, akauliza, "Ya shilingi ngapi?" akaniwekea, akaenda gari nyingine.

Mwenye kumwona huyo jamaa wa shati la pasi anitafute saa yoyote, hata nikiwa na abiria nageuza.